Tiketi Zilizosusiwa

Jumatatu, 4 Mei

Mvua tangu alfajiri. Paa la duka linavuja palepale juu ya meza ya kukatia raba. Mteja mmoja tu siku nzima: karani wa duka la majeneza, anataka muhuri wa IMEPOKELEWA. Nikamkatia. Herufi za muhuri hukatwa kinyumenyume, na baada ya miaka yote hii hata kopo la dawa ya meno nalisoma kutokea kulia. Mke wangu anasema akili yangu nayo imeshika mwendo huohuo.

Habari mbaya redioni. Tajiri, mwenye klabu yetu, ametangaza kuwa Jukwaa la Mbao litabomolewa mara tu baada ya mechi ya mwisho ya nyumbani, Jumamosi ya tarehe 16. Mahali pake vitajengwa vyumba vya vioo kwa ajili ya wageni wake. Viti vya kuzunguka! Viyoyozi! Sisi tumekalia mbao zile maisha yetu yote, zikituchoma vibanzi pasipotajika, na hatujawahi kulalamika. Tumelalamika, lakini kwa mapenzi.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza pia. Anaishi nasi tangu afiwe na mumewe. Hajakosa mechi ya nyumbani tangu usichana wake, na siku zote hukaa mahali pamoja: ubao wa mbele, ubavuni mwa nguzo. Nguzo ile ina msumari, na marehemu alikuwa akiweka mkono wake juu ya msumari ili mkewe aegemee bila kuumia. Mpaka leo Mama akikaa pale huacha nafasi ya mtu mmoja.

Alizima redio, akaikunja sweta yake ya rangi ya klabu, akaikunjua, akaikunja tena.

Nikasimama katikati ya sebule nikaapa: jukwaa lile halibomolewi maadamu mimi ni Katibu wa Tawi la Mashabiki! Mke wangu akasema nianze na kuziba paa la duka. Haoni mbali, masikini.

Jumanne, 5 Mei

Mkutano wa tawi kwenye saluni ya Kinyozi. Kinyozi ndiye Mwenyekiti wetu. Alichaguliwa kwa sababu ana viti na televisheni. Sisemi kwa wivu. Mimi nilipata kura pia. Nilijipigia.

Kinyozi akatoa wazo lake huku anamnyoa mtu. Akasema ni jambo jepesi: hakuna kununua tiketi za mechi ya mwisho. Tajiri akiona dirisha la tiketi limenuna, atakuja mwenyewe kutuuliza tunataka nini. Watu wote wakaitikia. Hata yule anayenyolewa akaitikia, ikabidi Kinyozi aanze upya upande wa kushoto.

Wazo zuri, na si langu.

Nikasimama. Nikawauliza: mtu ambaye hana tiketi, utajuaje kama amesusia au amefulia tu? Nikawakumbusha wenzetu wa tawi la ng'ambo ya reli, waliosusia mechi mwaka juzi, na magazeti yakaandika kuwa watu waliogopa mvua. Huwezi kususia kitu ambacho huna! Anayesusia ni yule mwenye tiketi mkononi, tiketi halali, aliyeinunua kwa jasho lake, kisha akakataa kuingia. Tununue zote za Jukwaa la Mbao. Kila moja niigonge muhuri wa IMESUSIWA. Siku ya mechi tusimame nje tukizipunga juu, na ndani jukwaa zima likae tupu mbele ya kamera!

Kinyozi akaweka mkasi chini. Akaniuliza taratibu, kama anayemsemesha mgonjwa, kama nimeelewa kwamba Tajiri ndiye anayeuza hizo tiketi. Nikamjibu kuwa anatazama mambo kwa jicho la biashara. Muuza matairi akapaza sauti kutoka mlangoni kwamba yeye hawezi kukubali mtaa mzima useme hana hela ya tiketi. Hapo mambo yakageuka. Hakuna mtu aliyetaka kubaki upande wa waliofulia. Mikono ikainuka kama msitu.

Wa Kinyozi peke yake haukuinuka. Roho ya kwa nini!

Ijumaa, 8 Mei

Siku kubwa ya maisha yangu, ukiacha harusi, ambayo nayo ilinyeshewa.

Foleni mlangoni kwangu tangu asubuhi. Kila mmoja na tiketi yake. Nimekata muhuri wa aina yake: IMESUSIWA ndani ya duara, mpira juu, ngumi chini. Ngumi imetokea kidogo kama kiazi. Wino nimetumia ule wa zambarau wa ofisi za ardhi, usiofutika kwa maji, kwa sabuni wala kwa machozi. Nikauliza kila mtu: umekubali kwa hiari yako? Wakisema ndiyo, napiga. Pwaa! Sauti ile iliniingia moyoni. Nadhani mahakimu hujisikia hivi.

Adhuhuri akaja Msemaji wa Klabu, yule kijana wa tai, mwenye sauti ya maziwa. Nikajua wamepata habari. Akaomba kuona tiketi moja. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Midomo ikamchezacheza. Akaniuliza kama ni kweli tumenunua za jukwaa zima. Nikamwambia bila kupepesa macho: zote. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, "Endeleeni hivyohivyo, mzee wangu." Akaondoka akiwa ameziba mdomo kwa leso.

Wanatetemeka.

Jumapili, 10 Mei

Kinyozi ameniaibisha mbele ya watu. Nimeketi kitini kwake, povu kidevuni, wembe kooni, anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Katibu, na mama mkwe wako? Nasikia ana tiketi yake. Yeye imegongwa?" Watu wote wakanigeukia. Nikiwa na wembe pale ulipokuwa, ningesema nini? Nikasema kesho itakuwa imegongwa. Nyumba yangu ndiyo itakuwa mfano.

Nikarudi nyumbani roho juu. Kumkabili mama mkwe kwa jambo kama hili si mchezo. Nikamwomba mke wangu amweleze. Akasema, "Baba watoto, mdomo unao. Ulioutumia kwenye mkutano ndio huohuo." Akaendelea kupepeta mchele.

Basi nikaenda mwenyewe. Mama alikuwa kibarazani anashona kifungo cha sweta. Nikamsalimu, nikakaa mbali kidogo kwa heshima, nikaanza na hali ya hewa. Kisha bei ya vitu. Kisha magoti yake. Nilipokuwa nakaribia tiketi, akaanza yeye. Akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na tajiri wenu. Wabomoe wapendavyo. Nataka nikae pale mara moja tena tu, nimuage mzee wangu vizuri. Siku tuliyomzika kulikuwa na watu wengi mno, sikupata nafasi ya kusema naye."

Nikasema ndiyo, Mama. Nikauliza tena kuhusu magoti.

Jumatatu, 11 Mei

Limefanyika.

Nimelala vibaya, nimefikiri sana. Upande mmoja, mwanamke mzee na neno lake la kwaheri. Upande wa pili, mapambano. Lakini mapambano yakishinda jukwaa halibomolewi, na jukwaa lisipobomolewa Mama atakaa pale mwakani, na mwaka unaofuata, mpaka achoke! Kwa hiyo kumnyima ndiko kumpa. Ukilitazama hivyo, ni zawadi. Nikashangaa kwa nini sikuliona mapema.

Asubuhi alikwenda kuoga. Tiketi huiweka ndani ya kifuko cha miwani, juu ya meza ya kitanda. Nikagonga mlango wa chumba kitupu, kwa heshima, nikaingia. Nikaigonga muhuri kwa upole kabisa, pembeni, si kwa nguvu kama za wengine. Nikapuliza wino ukauke. Nikairudisha.

Nitamweleza kesho, nikipata wasaa mzuri.

Jumanne, 12 Mei

Wasaa mzuri haujapatikana.

Jumatano, 13 Mei

Msemaji wa Klabu alikuwa redioni. Amesema tiketi za Jukwaa la Mbao zimekwisha zote kabla ya siku ya mechi, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu klabu iundwe. Sauti yake ilikuwa inacheka. Kicheko cha hofu. Nakijua.

Tena akaongeza: kabla ya mechi, wachezaji wa zamani, wale tuliowashangilia tukiwa vijana, watatembea mbele ya Jukwaa la Mbao kuliaga. Hata yule mlinda mlango wa mguu mmoja mfupi. Hata yule mshambuliaji ambaye Mama, kwa maneno yake mwenyewe, angeolewa naye kama asingetangulia kumwona marehemu.

Mama akainua kichwa. Nimeishi na mama huyu muda mrefu, sijawahi kumwona anatabasamu kwa meno. Akamwita mke wangu amsaidie kupiga pasi sweta. Nikatoka nje nikasimama mvuani kidogo.

Alhamisi, 14 Mei

Balaa.

Foleni mlangoni kwangu tena, ila ndefu zaidi, na nyuso zimebadilika. Wa kwanza muuza matairi. Akakohoa. Akauliza kama wino ule, kwa mfano tu, hutoka. Akasema si kwamba ana nia ya kuingia, hapana, ila mwanawe hajawahi kumwona yule mlinda mlango. Wa nyuma yake naye akaanza kwa mfano tu. Tawi zima limekuwa la mifano.

Nikawauliza msimamo uko wapi. Wakasema msimamo upo, ni wino tu wanaoulizia.

Basi tukajaribu. Limau: tiketi ikanukia vizuri, muhuri uleule. Mafuta ya taa: herufi za klabu zikafutika, muhuri ukang'aa. Dawa ya kufulia: tiketi ikayeyuka, muhuri ukabaki kwenye kidole cha muuza matairi. Wino bora sana. Nilishindwa kujizuia, nikausifu. Nusura wanipige.

Kisha Kinyozi, aliyekuja kutazama tu na mikono yake mfukoni, akaokota tiketi moja, akaigeuza na kusoma nyuma kwa sauti. Maandishi madogo kama sisimizi: tiketi iliyochanwa, kuchorwa au kugongwa muhuri usio wa klabu haitapokelewa mlangoni. Akanitazama. "Bwana Mihuri," akasema, "wewe si ndiyo kazi yako hii, kusoma vitu vidogo?"

Nikamjibu kuwa hiyo ndiyo nguvu ya mpango wenyewe. Sasa hata atakayelegea hawezi kuingia. Umoja wa chuma! Hakuna aliyepiga makofi. Wakaondoka mmoja mmoja, wamezishika tiketi zao kama watu wanaotoka hospitali na majibu.

Mama, Mungu wangu. Kesho lazima nimwambie.

Ijumaa, 15 Mei

Nilipofika nyumbani alikuwa amelala mapema ili awe na nguvu kesho.

Jumamosi, 16 Mei

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Tulifika uwanjani mchana, mvua ya rasharasha. Tawi lote nje ya lango, tiketi juu, tunaimba. Tulipoanza tulikuwa na sauti. Kisha ndani likasikika tangazo kwamba wachezaji wa zamani wanaingia, na kelele za majukwaa mengine. Sauti zetu zikanywea. Muuza matairi akawa anaimba huku anachungulia upenyo wa lango, na kila mara akisema, "Yule pale. Yule pale, amezeeka."

Ndipo nikamwona Mama. Anakuja na mke wangu, mkono kwa mkono, sweta imepigwa pasi mpaka imepata makali, miwani usoni. Nikamkimbilia. Nikasema Mama, kuna jambo. Akanipigapiga shavuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanipita.

Mlinzi wa lango akaichukua tiketi. Akaiangalia, akamrudishia, akatikisa kichwa. Mama hakuelewa. Akamwonyesha kwa kidole palepale kwenye zambarau, na akamwambia, nilisikia kila neno: "Baba, itazame vizuri. Huyu mkwe wangu ni fundi wa mihuri. Ameigonga yeye mwenyewe ili nisisumbuliwe mlangoni. Sikumwomba, alifanya kimyakimya."

Alikuwa ameuona tangu Jumatatu. Alidhani ni heshima nimempa.

Mlinzi akasema, "Pole, mama. Zote za zambarau haziingii." Akamwonyesha sisi. Mama akageuka, akatuona tumezipunga juu, duara zilezile, mpira juu, kiazi chini. Akatazama tiketi yake. Akavua miwani, akaiweka ndani ya kifuko, na tiketi pamoja nayo, akabana kifuko. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sitaiandika hapa, maana huenda siku moja watoto wakasoma.

Nikakimbia dirisha la tiketi. Nikamwambia binti wa ndani nataka moja tu, Jukwaa la Mbao. Akasema zimekwisha. Nikamwambia jukwaa lile ni tupu, dada yangu, halina hata kunguru! Akasema anaona, lakini zimekwisha. Nikaomba ya jukwaa jingine lolote. Akafunga dirisha, muda wa kuuza umepita.

Basi nikapata wazo. Nikakimbia mpaka dukani, maji yanaingia viatuni. Nikakata raba haraka haraka: IMERUHUSIWA. Nilijikata kidole. Nikarudi mbio, kipindi cha pili kimeanza. Mama alikuwa ameketi chini ya ukuta wa nje, nyuma kabisa ya Jukwaa la Mbao, kwenye kiti cha saluni chenye magurudumu. Kinyozi alikuwa amekwenda kukileta, akamshikia na mwavuli. Kujitafutia sifa! Nikaomba tiketi, Mama akanipa kifuko bila kunitazama. Nikaigonga muhuri wa pili juu ya ule wa kwanza, nikaipeleka langoni. Mlinzi akaona mihuri miwili, akamwita askari. Askari akauliza nani ameigonga. Nikasema kwa fahari isiyo mahali pake kwamba ni mimi. Akaichukua tiketi, na muhuri, na akanikalisha kwenye kibanda chake mpaka mechi ikaisha.

Kutoka kibandani nilisikia bao. Timu yetu, ambayo tangu msimu uanze haikushinda nyumbani, ilifunga, ikafunga tena, na tena. Magoli yote kwenye lango la upande wa Jukwaa la Mbao. Kinyozi alinihadithia baadaye kwamba kila bao lilipoingia, wachezaji walikimbilia jukwaa letu kwa mazoea, mikono juu, wakafika, wakasimama mbele ya mbao tupu, wakarudi wanatembea.

Alisema Mama alikuwa amegeuza sikio ukutani. Kwamba kiti kile kina upana wa kutosha, lakini alikaa pembeni, akaacha nafasi.

Jumapili, 17 Mei

Picha ya jukwaa tupu ipo kwenye magazeti yote. Ushindi! Nikanunua matatu.

Kisha nikasoma. Tajiri amewaambia waandishi kwamba ameguswa mno. Amesema mashabiki wa Jukwaa la Mbao walinunua kila tiketi kisha wakaliacha tupu kwa heshima, kama watu wanavyoacha kiti cha marehemu, na kwamba hajawahi kuona uaminifu wa namna hiyo. Ahadi yake: mapato ya siku ile yatanunua kioo cha mbele cha chumba cha kwanza. Watabomoa Jumanne.

Nikamwonyesha mke wangu, labda atacheka. Akasema Mama hajala.

Jumanne, 19 Mei

Nilikwenda kutazama ubomoaji. Tuliokuwepo ni mimi, na Kinyozi upande wa pili wa uzio, tumejifanya hatuonani. Tingatinga halikupata shida. Mbao zilitoka kama meno ya maziwa.

Nikapata wazo. Ubao wa Mama! Nikampatie ule ubao wake, niukwangue, niutie vanishi, niuweke kibarazani na miguu minne. Benchi! Atakaa mahali pake palepale, mpaka mwisho wa siku zake, bila mvua na bila tiketi. Nikamsihi msimamizi wa kazi. Akasema nichukue ninaotaka, vyote vinaenda kuwa kuni. Nikachagua mmoja mzito wa mbele, nikaubeba begani mtaa kwa mtaa, vibanzi vinaniingia shingoni. Nilijihisi mtu mwema. Hisia ngeni, ila nzuri.

Nikauweka mbele ya Mama. Akavaa miwani. Akaupitishia kiganja taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaupindua. Kwa chini, mtu alikuwa amechonga kwa kisu, zamani sana, jina la wale wapinzani wetu wakubwa, na tusi la klabu yetu pembeni.

Nilikuwa nimebeba ubao wa pembe waliyokuwa wakiketi wageni zamani.

Mama akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake. Mke wangu akauinua ule ubao kidogo, akautazama, akasema angalau sasa tuna kuni.

Alhamisi, 21 Mei

Mama hasemi nami. Si kwa ukali. Nikimsalimu, anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitikia jirani wa zamani aliyemsahau jina. Akitaka chumvi iliyo mbele yangu anamwomba mke wangu, na mke wangu ananiomba mimi.

Tawi limenivua ukatibu. Kikao kilikuwa kifupi, hata nywele za mtu mmoja hazikuisha. Kinyozi ndiye pekee aliyepinga, akasema nipewe muda. Sijui anapanga nini.

Jioni nilipita mbele ya chumba cha Mama, mlango ukiwa wazi. Ameketi kitandani, amepakata sweta, anaongea polepole na mtu asiyekuwepo. Nilisikia "uwanjani hawakuniruhusu, mzee wangu, ndiyo maana nasemea hapa." Nikaondoka kwa kunyata. Nikakaa jikoni muda mrefu nikitazama birika.

Jumamosi, 23 Mei

Jumamosi ya kwanza bila mechi. Mama alivaa viatu vya kutokea, akafika mlangoni, akasimama, akavivua.

Sikuweza kuvumilia. Nimefikiri mchana kutwa na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Tajiri hakutujua, ndiyo maana hakutikisika. Anayesusiwa lazima awe mtu anayekupenda! Kwa hiyo nimechukua hatua. Kuanzia leo nasusia chakula cha nyumba hii mpaka Mama aseme nami, hata neno moja, hata la kunitukana. Moyo wa mama hauwezi kuona mtoto wa mtu anashinda njaa. Nimemtangazia mke wangu rasmi. Akauliza basi asinipakulie? Nikamwambia la hasha, anipakulie kama kawaida, tena ajaze, na nyama aweke juu ionekane. Sahani isiyopakuliwa nani atajua kama imesusiwa?

Akanipakulia. Nikaisukuma mbele kidogo, nikakunja mikono, nikatazama ukuta. Harufu ilikuwa mateso. Mama alimaliza yake pole pole. Kisha akanyoosha mkono, akaivuta sahani yangu, akaila yote, mpaka mchuzi, akafuta na kidole. Ni mara ya kwanza ameshiba tangu ile siku.

Bila neno. Lakini ameigusa sahani yangu.

Naona anaanza kulegea. Kesho nitamwambia mke wangu apakue mbili.